Mwalimu Wangu wa Darasa la Nne

Mwananyamala, Kinondoni
Februari 3, 2025

Shikamoo Bi Khulud,

Sina hakika kama utanikumbuka. Mie ni Lusungu, mtoto wa Mwalimu Demetria. Mwaka tisini na tatu tulikaa Tandale, nyumba ya pili kutoka duka lenu. Baba alikuwa karani wa reli, yule mrefu wa koti la kaki. Wiki iliyopita nilipita Tandika kutafuta kitambaa cha pazia, nikamwona mtu anapima vitambaa, nikaitazama ile pua nikasema moyoni, huyu ni mwanao Muntasir. Kumbe ndiye. Akanambia mnakaa pamoja, u mzima, ila masikio yamekuacha na simu huitaki. Akasema, "Muandikie. Mama kusoma anasoma mpaka magazeti ya kufungia vitumbua." Ndiyo nakuandikia, yeye ataileta.

Nina ombi, na ni la ajabu kidogo. Mie nachora ramani za nyumba kwenye ofisi moja hapa Kinondoni. Desemba nilimkabidhi mteja ramani ya nyumba ya ghorofa moja. Ilikuwa nzuri, madirisha yamekaa, nguzo zimekaa. Yule mteja akaigeuzageuza, mwisho akauliza, "Sasa dada, juu tunapandaje?" Nilikuwa nimesahau ngazi. Wiki tatu nachora ile nyumba, ngazi sijaweka. Bosi wangu, Mzee Theonest, hakunifokea. Aliniita pembeni akasema, "Lusungu, nenda hospitali kapime. Mtu mzembe asingezichora zile nguzo vile."

Nikaenda naogopa. Baba alifariki hajui hata majina yetu, nikajua zamu yangu imefika mapema, miaka arobaini na mbili. Daktari, mama wa makamo, akanisikiliza kama saa nzima. Akaniuliza ya sasa, halafu akaanza kurudi nyuma. Shuleni ulikuwaje? Ulikuwa unapoteza vitu? Ukiitwa, unasikia? Mwisho akasema haoni ugonjwa wa kusahau wa wazee. Anahisi ni kitu nilichozaliwa nacho, wanakiita ADHD. Kuna watoto ambao kinawafanya waruke kama nyani. Mie nina ile ya kimyakimya, mwili umekaa kwenye dawati, akili imetoka nje kutembea. Anasema wasichana wengi hawagunduliki maana hawamsumbui mtu. Lakini hataki kuandika hivyo kwa maneno yangu tu. Anataka mtu mzima aliyeniona kabla sijafika miaka kumi na mbili, aeleze kwenye fomu alichokiona.

Nilimpelekea mama ile fomu nyumbani kwake Kipawa. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Waandikie ulikuwa mvivu. Ni neno moja, halihitaji kurasa tatu." Nikaiacha mezani kwake nikaondoka. Mie na mama hatugombanagi. Tunanyamaza.

Nilikuwa mtoto wa sijui. Daftari liko wapi? Sijui. Kiatu cha pili? Sijui. Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Sijui. Na mama alifundisha shule ileile niliyosoma, kwa hiyo kila kosa langu lilimfikia ofisini kabla mie sijafika nyumbani.

Katika watu wazima wa Tandale ya siku zile, wewe ndiye uliyebaki ninayeweza kumuuliza. Nakumbuka nilikuwa nashinda dukani kwako. Niandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya. Kama ni kibaya ndiyo zaidi.

Wako,
Lusungu

Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Alhamisi. Nimeikuta kwenye friji, chini ya nyanya.


Tandika, Temeke
Februari 19, 2025

Kwa mwanangu Lusungu,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimecheka mpaka Muntasir akaja kuniangalia. Vidole vyangu vina baridi yabisi, naandika mistari michache kwa siku, kwa hiyo usinilaumu kwa kuchelewa.

Daktari wako anataka niliyoyaona. Ulikuwa ukitumwa chumvi, unafika dukani, unanitazama. Nakuuliza, "Umetumwa nini?" Wewe unatazama dari. Nikawa nataja kimoja kimoja, sukari, mafuta, chumvi, mpaka uso wako ufunguke. Nikikupa, unaiacha kauntani. Nikikuita, unarudi unaichukua chumvi, unaacha kandambili. Siku moja ulisimama mlangoni kutazama sisimizi wanabeba punje ya mchele, tangu adhuhuri mpaka wakaadhini alasiri. Mama yako alikuita kutoka kibarazani mara nne. Watu wakasema mtoto ana kiburi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, uso nauona. Hukusikia hata mara moja. Hayo mpe daktari, na akitaka nitaapa.

Lakini sitaandika hayo peke yake, kwa sababu hayo peke yake ni uongo.

Mwanangu, mimi nilifika miaka thelathini na sita sijui kusoma. Qurani nasoma, nilihitimu chuoni ningali mdogo. Herufi za skuli baba yangu hakuona haja nazo. Duka nikaliendesha kwa kuzijua bidhaa kwa rangi na picha, na aibu yangu nikaificha hata kwa majirani. Mume wangu Awadh alipokwenda Maskati kufanya kazi, barua zake akawa ananisomea ndugu yake, Nassibu. Na kila barua, kwa kinywa cha Nassibu, ilikuwa na neno lilelile: Awadh anasema umwachie Nassibu duka, wewe ni mwanamke, huliwezi. Moyo wangu ulikataa. Awadh hakuwa mtu wa maneno hayo. Lakini karatasi nilikuwa nayo mkononi na siijui.

Siku moja, wewe ukiwa darasa la nne, ulikuja kununua kitu ambacho bila shaka ulikuwa umekisahau. Nilikuwa napanga makopo mapya. Ukasema taratibu, "Bi Khulud, hiyo ni sumu ya panya. Umeiweka kwenye hamira." Makopo yalifanana rangi. Nikaganda. Ukanitazama kidogo, kisha kwa sauti ya chini ukauliza, "Hujui kusoma?" Watu wazima wamenunua kwangu miaka kumi na mitano, hakuna aliyeona. Wewe, usiyeona kiatu chako mwenyewe, uliona. Na hukucheka. Ukachukua karatasi ya kufungia sukari ukaandika a.

Nikaanza kuandika kutokea kulia, kwa mazoea yangu ya chuoni. Mwalimu mwingine angenigonga vidole. Wewe ulifikiri, ukachora kishale mwanzo wa mstari ukasema, "Hizi zinatembea kwenda kulia, dukani kwa Mangi. Zako zile zinatembea kwenda kushoto, msikitini." Tangu siku ile sikukosea tena. Herufi b na d zilinitesa mwezi mzima, na kila siku ulinieleza upya kwa upole, kana kwamba ndiyo kwanza nauliza. Labda ulikuwa umesahau kwamba ulishanieleza. Basi ni usahaulifu wenye rehema. Mtoto aliyesemwa kuwa hawezi kutulia na jambo dakika tano, alikaa na mimi miezi minane.

Barua ya kwanza niliyoisoma kwa macho yangu ilikuwa ya Awadh. Nilikuwa nawe ubavuni. Iliandikwa hivi: "Nassibu, mwambie Khulud asimwachie mtu duka, hata wewe. Analiweza kunishinda mimi." Nilikaa nalo duka lile mpaka Awadh aliporudi, na baada ya kufa kwake, na hili la Muntasir la vitambaa limezaliwa humo.

Kisha hukuja tena. Nikamuuliza mama yako, akasema umekwenda kwa shangazi, Tukuyu, kwa masomo. Nikamshukuru Mungu kwamba umepata skuli nzuri.

Mwambie daktari kwamba alikuwapo mtoto aliyesahau kila kitu, na ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa darasa la nne. Aandike yote mawili.

Nakuombea,
Khulud binti Salum


Mwananyamala
Machi 10, 2025

Shikamoo Bi Khulud, na Ramadhani njema,

Daktari ameisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti. Alipofika kwenye kishale akaurudia mstari. Akasema ana wagonjwa wanaoleta ripoti za shule, za kazini, hata za polisi, ila barua kama hii hajawahi kuletewa. Akaandika. Ndiyo, ninayo hiyo ADHD, na nimekuwa nayo siku zote.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Sikuwa na huzuni, au niseme haikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa namlilia yule mtoto. Miaka yote nimemchukia, Bi Khulud, nimemwita majina aliyoitwa na wenzake. Na wewe umemkuta dukani kwako ukamheshimu.

Sasa nina dawa, na kila Ijumaa naenda kuongea na mtaalamu wa ushauri. Mlangoni nimebandika karatasi: ufunguo, simu, jiko. Mzee Theonest amenipa mtu wa kukagua kazi zangu kabla hazijatoka, na mie nakagua nguzo za wenzangu, maana huko sikosei. Sijapona, daktari kasema si kitu cha kupona. Ila sasa najua naishi na nani.

Kuna jambo nataka kukwambia. Kwenye barua yangu ya kwanza sikuyataja masomo yetu. Sikuwa nimesahau. Ulinambia, "Hili letu wawili, hata Muntasir asijue," na Muntasir ndiye aliyebeba bahasha.

Na nilikuongopea kidogo. Nilisema zote zilikuwa sijui. Nyingi zilikuwa sijui ya kweli kabisa. Ila mama alipouliza nilikuwa wapi, hiyo nilikuwaga najua. Siku za masomo nilichelewa, nikaulizwa, nikasema sijui. Fimbo mbili, siku nyingine nne. Nilizoea.

Siku ile uliposoma barua ya mzee Awadh tulichelewa mpaka magharibi. Mama alikuwa amezunguka Tandale nzima ananitafuta, sokoni, kwa wapagazi, mpaka kule mtaroni. Nilipoingia aliniuliza mara moja tu. Nikasema sijui. Yaliyofuata sitayaandika. Kesho yake begi langu lilikuwa limeshafungwa. Sikwenda Tukuyu kwa ajili ya masomo, Bi Khulud. Nilipelekwa kwa kuwa nilikuwa nimeshindikana, mama alilisema hilo kwa shangazi mbele yangu. Nikarudi baada ya miaka sita.

Usijilaumu, nakusihi. Nakuandikia kwa sababu yule mtaalamu wa Ijumaa anasema nianze kuvitoa vitu vya ndani, na wewe ndiye mtu ninayeweza kumtolea.

Mwanao,
Lusungu


Tandika
Machi 14, 2025

Lusungu mwanangu,

Leo naandika kwa siku moja, vidole viume vitakavyo.

Mama yako jioni ile alibisha hodi dukani. Mlango nilikuwa nimeufunga ili tusome. Tulimsikia wote wawili, masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule. Akaita, "Bi Khulud, Lusungu yuko kwako?" Nilikuwa mstari wa tatu wa barua ya mume wangu. Nikakuwekea kidole mdomoni. Akaondoka.

Hukuliandika hilo, kwa adabu yako. Nami kwenye barua yangu sikuliandika, kwa woga wangu. Wewe ukaandika kwamba nilikuheshimu. Heshima gani ile? Fimbo sikuijua, wallahi, lakini sikuuliza pia. Nilikuwa naona alama miguuni mwako nikasema moyoni, mtoto wa mwalimu, ndivyo wanavyolelewa. Mtoto wa miaka kumi alibeba siri yangu kwa mgongo wake, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba amepata skuli nzuri.

Aliyekufanya uonekane umeshindikana ni mimi, na mama yako mpaka leo hajui.

Muntasir anaijua nyumba ya Kipawa. Jumapili, wakishatoka kanisani, nitakwenda. Sikuombi ruhusa, mwanangu. Nakuarifu.

Khulud


Mwananyamala
Machi 17, 2025

Bi Khulud,

Barua yako nimeipata leo, Jumatatu. Jumapili ilikuwa jana. Nampigia Muntasir hapokei.

Kama hujaenda, tafadhali usiende. Mama ana presha, na humjui akishakuwa mbele ya watu. Atakaa wima, atakujibu kwa Kiswahili cha kitabuni, halafu atasema yaleyale. Mie nimeshazoea kuyasikia nikiwa peke yangu naye. Sitaki ayaseme mbele yako, wewe uliyeandika vile. Naomba nibaki na barua yako tu kama ilivyo.

Na kidole kile nakikumbuka. Kilikuwa kinanukia karafuu. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kujua barua inasema nini, kama wewe. Tulikuwa wawili humo ndani.

Lusungu


Kipawa
Machi 23, 2025

Lusungu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezichana.

Jumapili iliyopita nilipotoka misani nilimkuta Bi Khulud amekaa kibarazani kwangu pamoja na mwanawe. Nilimkaribisha ndani. Kwa kuwa hasikii, nilichukua daftari na kalamu mbili, tukawa tunaandikiana juu ya meza moja kama wanafunzi waliokatazwa kuzungumza. Yeye yuko katika Ramadhani, mimi niko katika Kwaresima, kwa hiyo hapakuwa na chai ya kutupa kisingizio cha kunyanyuka.

Kabla sijayatilia maanani maneno yake niliutazama mwandiko. Herufi zimekaa juu ya mstari, a imefungwa vizuri, nafasi kati ya neno na neno ni sawa. Huo ni mwandiko wa mtu aliyefundishwa kwa makini. Kwa mazoea ya kazi yangu nikamwandikia, "Ulifundishwa na nani?" Akaandika jina lako. Nikadhani hajanielewa. Nikaliandika swali upya, kwa herufi kubwa. Akaandika jina lako tena, na mwaka.

Kisha akaandika yote, kurasa nne. Mlango, hodi yangu, kidole. Mwanawe alikuwa akisoma kwa nyuma ya bega lake na machozi yakimtoka, naye pia alikuwa hajui.

Nimefundisha miaka thelathini na nne. Jioni nilifundisha pia elimu ya watu wazima palepale Tandale, miaka miwili. Nilikuwa na ubao, chaki, vitabu na mafunzo ya chuo. Walianza ishirini na watano, wakamaliza wanne. Nyumba ya pili kutoka kwangu mtoto wangu alikuwa akifanya kazi hiyohiyo kwa karatasi za sukari, na mwanafunzi wake hakuacha. Nami usiku nilikuwa nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu na kujiuliza nimemkosea Mungu nini hata nikapewa wewe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijiuliza, na sitaki kukuficha tena.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Bi Khulud halijui, na baba yako alikwenda nalo kaburini.

Jioni ile nilipokuwa nikikutafuta, nilikuwa nimekwisha kukuzika mara tatu katika mawazo yangu. Nilitazama mtaroni kwa kijiti. Ulipoingia mlangoni umetulia, ukasema hujui, nilikupiga. Wewe bila shaka unakumbuka kwamba nilikupiga. Mimi nakumbuka kwamba sikuacha mwenyewe. Baba yako ndiye aliyenishika mkono, na alitumia nguvu. Baadaye nilikaa jikoni nikautazama mkono huo juu ya mapaja yangu. Nikaona kwamba ukibaki katika nyumba hii, itafika siku ambayo baba yako atakuwa kazini.

Nilikupeleka Tukuyu kwa sababu niliuogopa mkono wangu. Lakini kwa shangazi yako, na kwa walimu wenzangu, nilisema kwamba wewe ndiye uliyeshindikana. Nikalisema mara nyingi hata mimi mwenyewe nikaliamini. Ni rahisi zaidi kwa mwalimu kuwa na mtoto mvivu kuliko kuwa mtu wa namna ile. Uliporudi ukiwa msichana wa miaka kumi na sita, mtulivu, nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba ni uongo.

Fomu yako nimeijaza, kurasa zote tatu. Najua daktari ameshaamua. Nimeijaza hata hivyo. Pale wanapouliza kama mtoto alionekana hasikii anapoitwa, nimeandika: ndiyo, mara nyingi, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nimejiuliza ni nani kati yetu alikuwa mwalimu katika nyumba ile. Jibu ninalo, na ninalitamka bila kuona wivu. Naona fahari, ingawa sina haki nayo.

Sikuagizi uje. Jumamosi huwa nipo.

Mama yako,
Demetria


Mwananyamala
Aprili 7, 2025

Shikamoo Bi Khulud,

Idi imepita na sijakupa mkono, nisamehe. Pilau aliyoniletea Muntasir nimeila siku mbili. Nisamehe na ile barua ya kukukataza. Nilikuwa nakulinda na mama, au namlinda mama nawe, hata sielewi. Wewe na funga yako, na baridi yabisi ile, ukaenda. Mie nisingethubutu.

Mama aliniandikia. Alichoniandikia ni chake, nitakwambia siku tukikaa pamoja kama atakubali. Nilikaa na barua yake siku kumi na mbili. Siku nyingine naisoma naona huruma, siku nyingine nataka kuirusha ukutani. Miaka sita nililala kwa shangazi najua nimetupwa. Sasa naambiwa nilikuwa nimefichwa. Mtoto aliyelala pale hajaambiwa hilo bado, itachukua muda kumfikia. Mtaalamu wa Ijumaa kasema hakuna haraka.

Jumamosi nikaenda. Nilifika saa nne, nilikuwa nimesema saa tatu. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Nikaanza kueleza kwa nini nimechelewa, nilivyorudi mara mbili, mara ya kwanza miwani, mara ya pili jiko. Akasema, "Kaa. Hujachelewa, mchicha bado." Bi Khulud, mie nina miaka arobaini na mbili. Sijawahi kusikia mama akisema hujachelewa.

Akaingia ndani akatoka na lile daftari lenu. Akanipa nisome. Nimesoma yote, yako na yake. Pale ulipoandika, "Mtoto huyu alikuwa na subira kuliko watu wazima wote niliowajua," amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameweka alama ya vema, ile anayowawekea watoto waliopata. Nikavuta ungo, tukachambua wote.

Baadaye akauliza, bila kuinua macho, "Akili yako ikiondoka, inakuwaje huko?"

Nikamweleza kama nilivyoweza. Nikamwambia siendi kwa makusudi. Ni kama mtu anayesikiliza redio, halafu redio ya jirani inaingia juu yake, na ya jirani ndiyo yenye wimbo. Nasikiliza mpaka niambiwe kwamba nimeulizwa swali.

Akafikiri sana. Unamjua, akifikiri anakunja mdomo. Akasema, "Na ungependa urudishwe vipi?"

Hakuna mtu amewahi kuniuliza hilo, hata daktari. Nikasema, "Kuniita kwa nguvu kunanitisha. Niguse tu bega."

Akaitikia kwa kichwa, kama anaandika mahali. Tukaendelea. Akawa ananieleza jinsi alivyokutana na baba, kituo cha reli cha Makambako, habari ambayo nilikuwa nataka kuisikia tangu utoto. Na unajua nilifanya nini? Nikaondoka. Kulikuwa na ndege inashuka uwanjani, pale Kipawa zinapita chini kabisa, nikaifuata kwa macho, nikaanza kuhesabu madirisha, nikawaza wanaokaa upande wa bawa wanaona nini. Baba na Makambako vyote vikapotea.

Kisha nikahisi mkono begani.

Niliruka, Bi Khulud. Mwili wenyewe uliruka kabla yangu, ungo ukapinduka, mchicha wote chini. Mama akauvuta ule mkono haraka akauficha ndani ya kanga, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshikwa. Alitaka kusimama aingie ndani. Nilijua akiingia ndani tutarudi kunyamaza, na safari hii hatutatoka.

Nikasema, "Mama, usiuondoe. Ndiyo mara ya kwanza. Jaribu tena."

Alikaa muda mrefu, ndege nyingine ikapita. Halafu akautoa mkono kwenye kanga, akauweka begani polepole, kama mtu anayeshika sufuria asiyejua kama ni ya moto. Nikatulia. Hakuuondoa, akaanza tena habari ya Makambako, tangu mwanzo, na nikaisikia yote.

Mwanao,
Lusungu